Laptopu ya kawaida au ya bei ya juu kwa michezo ya jioni? Naomba ushauri, niko Lamu

Mwalimu wa Mkomani (Lamu)

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu hapa Lamu mjini na natafuta laptopu moja itakayonifaa mchana kwa kuandaa masomo na, baada ya Isha, kwa michezo ya kompyuta. Sizungumzii mashindano wala kukesha. Nataka kucheza eFootball, ule mchezo wa mpira, na wadogo zangu kwa pedi mbili, GTA V nikiwa peke yangu, na Minecraft kwa ajili ya mpwa wangu ambaye ameanza kuipenda sana. Nikiweza kucheza pia EA Sports FC (kwa kifupi FC), mchezo mwingine wa mpira, nitafurahi, lakini si sharti.

Duka moja la Mombasa limeniwekea mashine mbili. Ya kwanza, ambayo muuzaji anaiita ya kawaida, ina prosesa ya AMD Ryzen 5 7520U, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8, diski ya SSD ya GB 512 na skrini ya inchi 15.6, nayo ni shilingi 62,000. Ya pili, anayoiita ya daraja la juu, ina umbo jembamba la alumini, prosesa ya Intel Core i7-1355U, RAM ya GB 16, SSD ya TB 1 na skrini ya OLED ya inchi 14, nayo ni shilingi 158,000. Anasisitiza kwamba tofauti hiyo ya shilingi 96,000 nitaiona waziwazi katika michezo.

Fedha za mashine ya pili naweza kuzipata zamu yangu ya chama itakapofika, ila nitalazimika kuahirisha mambo mengine ya nyumbani. Je, kwa michezo niliyoitaja, tofauti hiyo ni ya kweli? Naomba pia mzingatie joto letu la kaskazi, hewa ya chumvi na umeme unaokatika, kwa sababu ushauri mwingi ninaousoma umeandikwa na watu wanaoishi katika nchi za baridi.

Fundi wa Langoni (Lamu)

Waaleikum salaam, Mwalimu. Nitaanza na jambo ambalo muuzaji hakukueleza: kati ya mashine hizo mbili, hakuna hata moja iliyo na kadi ya grafiki ya peke yake. Zote mbili hutegemea sehemu ya grafiki iliyomo ndani ya prosesa, na katika michezo sehemu hiyo ndiyo inayochora kila mchezaji, kila nyasi na kila kivuli unachokiona. Alumini, wembamba na skrini nzuri ni vitu vya thamani, lakini havichori chochote. Kwa hiyo unalinganisha mashine ya kazi ya bei ya chini na mashine ya kazi ya bei ya juu, wakati wewe umeuliza habari za michezo.

Sasa tuitazame ile ya shilingi 62,000 kwa makini, kwa sababu hapo pana mtego unaowanasa wengi. Katika utaratibu wa majina ambao AMD waliutumia kwa prosesa za laptopu za mwaka 2023, tarakimu ya kwanza huonyesha mwaka, nayo ya tatu huonyesha kizazi cha usanifu wa ndani. Katika 7520U tarakimu ya tatu ni 2, maana yake ni usanifu wa Zen 2, ambao ulitoka mwaka 2019 ukavalishwa namba mpya. Ina viini vinne (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba), na grafiki yake, Radeon 610M, ina vitengo viwili tu vya kuchora. Ipo prosesa nyingine inayoitwa Ryzen 5 7530U, ambayo mtu asiyetazama vizuri ataiona ni ile ile, lakini hiyo ina usanifu wa Zen 3, viini sita, na grafiki ya Vega yenye vitengo saba. Vitengo vya Vega ni vya muundo wa zamani zaidi, hivyo usizidishe moja kwa moja ukadhani nguvu ni mara tatu na nusu. Hata hivyo katika GTA V utaiona tofauti bila kuambiwa. Ile 7520U itajikokota hata ukishusha mipangilio yote, na 7530U itacheza kwa ulaini unaoridhisha ukiwa na mipangilio ya chini au ya kati.

Na hiyo i7-1355U? Grafiki yake ni Iris Xe, ambayo nguvu yake inakaribiana na hiyo Vega ya vitengo saba. Ukiilipia shilingi 158,000 kwa ajili ya michezo peke yake, utakuwa umelipa fedha nyingi kwa uwezo unaopatikana katika mashine ya bei ya chini sana, mradi tu herufi na tarakimu zake umezisoma sawasawa.

Jambo la pili ni RAM, nalo watu hulipuuza. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake yenyewe; inaazima RAM ya kompyuta. RAM ikiwa kipande kimoja tu, njia ya kupitishia data inakuwa nyembamba, na fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) zinapungua kwa kiasi unachokiona kwa macho. Vipande viwili vya GB 8 ni bora kwako kuliko kipande kimoja cha GB 16. Hata Intel wenyewe hawaruhusu grafiki hiyo ijitambulishe kwa jina la Iris Xe ikiwa RAM iko katika njia moja, itajiandika UHD. Ile 7520U hupokea RAM ya aina ya LPDDR5 peke yake, ambayo hulehemiwa kwenye ubao, kwa hiyo GB 8 utakazonunua leo ndizo utakazozeeka nazo. Kwa Windows 11, kivinjari kilichofunguliwa kurasa za masomo, na mchezo juu yake, GB 8 hazitoshi kwa raha.

Ikiwa EA Sports FC ingekuwa lazima kwako, ningekuambia usinunue yoyote kati ya hizi. FC 24, kwa mfano, inataka angalau kadi ya GTX 1050 Ti na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Hapo ungetafuta laptopu za michezo za ngazi ya chini, zenye Core i5-12450H na kadi ya RTX 2050 au RTX 3050. Zinaonekana za plastiki, ni nzito, na muuzaji hatakupa sifa nyingi juu yake, lakini katika michezo zinaipita kwa mbali hiyo ya alumini, na aghalabu bei zake huwa chini ya bei ya hiyo ya alumini.

Bi Msanifu (Malindi)

Salaam, Mwalimu, na salaam kwako Fundi. Nakubaliana na hesabu za grafiki, ila naomba nipinge namna swali lenyewe lilivyopimwa. Mwalimu amesema mashine ni moja, na kwamba mchana ni ya kazi. Mchezo atacheza saa moja au mbili za jioni. Skrini na kibodi atakuwa navyo siku nzima. Mimi hufanya kazi ya usanifu wa matangazo na menyu za hoteli hapa Malindi, na ninaweza kusema kwa uzoefu kwamba skrini za laptopu za bei ya chini ndipo mahali watengenezaji wanapobana zaidi. Nyingi zina mwanga wa niti 250 tu na rangi zilizofifia. Ukikaa barazani au karibu na dirisha letu la pwani saa nne asubuhi, utakuwa unajitazama uso wako badala ya kuisoma kazi yako. Macho nayo ni mali.

Tena kuna betri. Laptopu ya michezo yenye kadi yake ya grafiki mara nyingi huja na chaja ya wati 150, 180 au zaidi, na ukiichomoa kwenye umeme kadi hupunguziwa nguvu, fremu zinaanguka, na betri huisha upesi, mara nyingi kabla hata saa mbili hazijatimia. Umeme unapokatika katikati ya mechi, mchezo umekwisha. Mashine nyembamba yenye prosesa ya herufi U (mwishoni mwa jina lake) hutumia chaja ya wati 65 au chini yake, na kwa kazi za maandishi hudumu muda mrefu bila umeme. Kwa nyumba inayotegemea sola na inveta ndogo ya wati 300, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama taa na feni zitabaki zikiwaka.

Sisemi Mwalimu atoe shilingi 158,000. Ninasema asiambiwe kwamba fedha ya ziada hainunui kitu. Hununua vitu vingine, na baadhi yake atavihitaji kuliko hata GTA V. Ila skrini ya OLED nisingeichagua kwa mpenda mpira: ubao wa matokeo unaokaa kona moja ya skrini kila jioni unaweza, baada ya muda mrefu, kuacha kivuli kisichofutika.

Fundi wa Langoni (Lamu)

Dada yangu wa Malindi amesema kweli kuhusu skrini na umeme, na ninaunga mkono hoja hizo mbili. Hoja ya kudumu, ambayo wauzaji huifungamanisha na bei ya juu, ndiyo ninayotaka kuisahihisha, kwa sababu ninazifungua mashine hizi na kuona kilichomo.

Kinachoziua laptopu hapa Lamu ni unyevu wenye chumvi, kisha vumbi, kisha joto. Chumvi inayoletwa na upepo hutua kwenye matundu ya chaja na ya USB, hufyonza unyevu wa hewa, na hapo kutu huanza kwenye vidole vidogo vya shaba. Alumini haizuii hilo. Ninaona alumini yenyewe ikitoa madoa meupe na vishimo pembeni mwa matundu, kwa kuwa chumvi hula ile ngozi nyembamba inayoikinga. Halafu mashine nyembamba huwa na feni nyembamba, na feni nyembamba yenye vumbi la chokaa la nyumba zetu huziba mapema. Na ikiharibika, utakuta RAM imelehemiwa, betri imegundishwa kwa gundi, na kibodi imefungwa kwa misumari midogo isiyohesabika, hivyo tengenezo la mchana mmoja linageuka kuwa safari ya Mombasa: boti hadi Mokowe, kisha basi. Ile laptopu nene ya kawaida ninaweza kuifungua kwa bisibisi moja, nikaisafisha feni, nikabadilisha kipande cha RAM, na ikarudi kwa mwenyewe jioni hiyo hiyo. Kwa mtu anayeishi kisiwani, urahisi wa kutengenezwa ni sehemu ya ubora, na ningependa uandikwe kwenye karatasi ya sifa kama inavyoandikwa prosesa.

Kuhusu joto, laptopu nyingi hutengenezwa kwa kudhani kwamba chumba hakitapita nyuzi 35. Nyumba ya mawe yenye kuta nene haitakusumbua sana, lakini chumba chenye paa la mabati mwezi wa Machi alasiri ni jambo jingine kabisa. Usiiweke juu ya godoro wala mto. Iinue nyuma kwa kipande cha ubao ili hewa ipite chini yake. Katika GTA V, weka ukomo wa fremu 60 kwa sekunde, kwani usipoweka ukomo mashine yenye nguvu itazalisha fremu ambazo skrini ya hezi 60 haiwezi hata kuzionyesha, na kazi hiyo yote ya bure inageuka kuwa joto. Usiifungie sandukuni wakati wa masika ukadhani unaitunza: laptopu inayowashwa kila siku hukauka kwa joto lake yenyewe, ilhali iliyofungiwa hufyonza unyevu polepole. Na umeme ukikatika, chomoa chaja kutoka ukutani, usiirudishe mpaka umeme umetulia kwa dakika kadhaa. Chaja nyingi za laptopu hustahimili volti 100 hadi 240, hivyo umeme hafifu hauzidhuru sana. Kishindo cha umeme unaporudi ndicho kinachozichoma.

Kijana wa Barani (Malindi)

Mwalimu, naongeza jambo moja tu kuhusu intaneti, maana hapo watu hulaumu laptopu bila kosa. Kama utacheza eFootball na mpinzani wa mbali, kuchelewa kwa mpira kuitikia pedi kunatokana na masafa na mtandao, na laptopu ya bei yoyote haipunguzi masafa. Tangu nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009 hali imekuwa bora sana, lakini seva za michezo mingi bado ziko mbali nasi. Valve, kampuni yenye duka la michezo la mtandaoni la Steam, kwa mfano, wana seva zao Johannesburg na Dubai. Ukicheza na wadogo zako chumba kimoja kwa pedi mbili, hilo halikuhusu kabisa.

Linalokuhusu ni bando. eFootball inahitaji nafasi ya takriban GB 50 na FC mara mbili yake, na masasisho hayaishi. Tangu mwaka 2023 Steam ina uwezo wa kunakili mchezo kutoka kompyuta moja hadi nyingine zilizo kwenye Wi-Fi moja au waya mmoja, bila kuupakua upya kutoka intaneti. Sisi hapa Malindi mmoja wetu hupakua na wengine hunakili kwake. Mtafute jirani mwenye mchezo, uende na laptopu yako. Na kabla ya kununua mchezo wowote ambao huna hakika nao, kumbuka kwamba Steam hurudisha fedha ikiwa umeomba ndani ya siku 14 na hujaucheza zaidi ya saa mbili. Muda huo unatosha kujua kama mashine inauweza.

Kama kuna mtu atakayekushawishi kuhusu laptopu za mitumba kutoka Ulaya, ambazo ni nafuu na nyingine zimeundwa vizuri, angalia kizazi cha prosesa. Windows 10 ilikoma kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za Intel za kizazi cha sita, wala za saba isipokuwa chache sana. Anzia kizazi cha nane.

Mwalimu wa Mkomani (Lamu)

Nawashukuru sana nyote. Nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Baada ya kusoma maelezo yenu nilipiga simu dukani nikauliza kama wana mashine yenye 7530U, wakaniambia wanayo, inchi 15.6, RAM ya GB 8, SSD ya GB 512, kwa shilingi 71,000. Muuzaji hakujua kama RAM yake imelehemiwa. FC nimeamua kuiacha, na hoja ya Bi Msanifu kuhusu skrini imenigusa kwa sababu mimi husahihisha kazi za wanafunzi barazani. Nitakuwa Mombasa wiki ijayo. Nikifika dukani nitazame nini kabla ya kutoa fedha?

Bi Msanifu (Malindi)

Uamuzi mzuri, Mwalimu. Omba waibebe hadi mlangoni penye mwanga wa jua, mwangaza wa skrini ukiwa juu kabisa, kisha fungua ukurasa mweupe wenye maandishi madogo, usome. Itazame pia kwa kuinama na kwa upande. Skrini ya aina ya IPS haitabadilisha rangi, na ile ya aina ya TN itageuka kuwa kama negativu ya picha. Ikiwa ni TN, waulize kama wana toleo jingine la mashine hiyo hiyo, kwa maana watengenezaji huuza jina moja likiwa na skrini tofauti. Ukishindwa kupata nzuri, fedha zilizobaki zinaweza kukununulia monita ya nje ya kutumia nyumbani, ambayo pia itawafaa wadogo zako kwa eFootball, kwani watu watatu mbele ya inchi 15.6 ni kubanana.

Fundi wa Langoni (Lamu)

Kwa upande wa RAM, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, kisha kumbukumbu. Kuna mstari unaoonyesha nafasi za RAM zilizotumika. Ikiandika moja kati ya mbili, nunua hapo hapo kipande cha pili cha GB 8 cha aina ile ile ya DDR4 na uwaombe wakiweke mbele yako. Baadhi ya miundo huwa na GB 8 zilizolehemiwa pamoja na nafasi moja iliyo wazi. Hiyo nayo ni sawa, kwa kuwa ukiongeza GB 8 utapata njia mbili na jumla ya GB 16. Ikiwa zote zimelehemiwa na hakuna nafasi, usiichukue hata wakipunguza bei.

Hakikisha mashine imeandika 7530U katika ukurasa wa mfumo wa Windows, usitegemee kibandiko, kwa sababu kibandiko huandika Ryzen 5 tu. Kisha omba wakuache ucheze mchezo wowote walionao, chaja ikiwa imechomekwa, kwa nusu saa. Dakika tano za mwanzo kila laptopu huwa nzuri. Joto likishajaa ndipo utajua kama fremu zinashuka na kama feni ina mlio wa kukwaruza. Waandike udhamini kwenye risiti pamoja na namba ya mashine, na uwaulize kama kuongeza RAM kutaufuta udhamini huo. Wakikubali kuiweka wao wenyewe, hilo nalo liandikwe kwenye risiti hiyo hiyo.